Mkono Nje ya Pazia

Wengi wakisimulia ugonjwa wao huanza kwa kumshukuru Mungu. Mungu nitamfikia, yeye hana haraka. Mimi naanza na watu, kwa majina, kwa sababu na wao walinitaja sana nilipokuwa nimelala.

Wa kwanza ni Ochieng', mwenye duka la dawa pale Otonglo. Aliniuzia vidonge vya koo tangu joto la Januari mpaka mvua ikaanza kunyesha. Kila nikirudi anabadilisha rangi ya vidonge na kusema, "Hiyo ni tonsils tu, Mama Akoth, itashuka." Mara ya kwanza kumwonyesha shingo, uvimbe ulikuwa kama punje ya mahindi. Siku aliyoniambia niende hospitali, ulikuwa kama yai la kuku, na aliniambia kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

Wa pili ni Okelo, ndugu ya marehemu mume wangu. Nilipokataa kurithiwa naye, na nikakataa kurithiwa na mtu mwingine yeyote, alisema iko siku mwili wangu utanijibu. Mwili ulipojibu alizunguka boma lote kule Kisian akitangaza ni chira, ile laana inayomkondesha mtu aliyevunja mila mpaka anabaki mifupa. Watu wakaacha kunywa chai kwangu.

Wa tatu ni Were wa maabara. Huyo nitamweleza kwa urefu, anastahili.

Wa nne alikuwa kijana anayeitwa Erick Omondi. Alimchukua binti yangu wa pekee, Akoth, wakaenda kuishi Nyamasaria bila kufika kwangu, bila mjumbe, bila hata kuku. Huyo nilimhesabu pamoja na hao wengine kwa muda mrefu. Soma uone alivyotoka.

Niliacha shule darasa la tano, kwa hivyo mnisamehe mahali nimekosea. Wamama wa Alhamisi, wale tulio nao kliniki, ndio walionisukuma niandike, kwa sababu kila mgonjwa mpya anakuja na maswali yale yale na tumechoka kuyajibu. Itauma? Nywele zitarudi? Bwana atakaa? Itauma. Zitarudi. Ya bwana sijui, wangu alikuwa ameshakufa.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kutotulia. Nilidhani mgonjwa wa kansa analala tu na kuangalia dari. Mimi nilishindwa kulala na nikashindwa kukaa. Kabla hata ya dawa, ngozi ilikuwa ikiniwasha chini kwa chini, mahali kucha hazifiki. Nilikuwa najikuna kwa gunzi la mahindi. Halafu dawa ilipoanza wakaniongezea vidonge vyeupe, na hivyo vilinifanya kama mtu aliyemeza mashine. Natandika kitanda, nakitandua, nakitandika. Mimi huuza mapazia ya mitumba soko la Kibuye, na nyumbani nilikuwa na marobota mawili. Niliyafua yote, nikayaanika, nikayafua tena yakiwa safi. Jirani aliniuliza kama kuna harusi.

Dawa ya kwanza niliipata wakati ziwa limefungwa, ule msimu serikali inakataza kuvua omena, wale dagaa wetu, na wamama wa omena pale sokoni wanauza nyanya kwa hasira. Ni dawa nyekundu kama juisi ya kopo. Inashuka tone kwa tone, na mahali inapopita mshipa unaungua. Ya pili nilipata mvua ikiwa kubwa, barabara ya kwetu ni mto. Nywele zilitoka siku hiyo kwenye kitambaa, zote mara moja, kama kofia. Kucha zikawa nyeusi. Maji yakawa na ladha ya sarafu. Samaki, mimi mtu wa Kisian, nikashindwa kuvumilia harufu yake, na hiyo ndiyo siku nililia, si siku niliyoambiwa jina la ugonjwa.

Akoth alikuwa akija Jumamosi. Ananifulia, ananipikia uji wa wimbi, anaondoka. Tulizungumza habari za sabuni na makaa. Jina la yule kijana halikuingia nyumbani kwangu. Mara moja alijaribu kunionyesha picha yake kwenye simu, nikageuzia uso ukutani kama mtu anayeonyeshwa kidonda. Nilichojua tu ni kwamba anasomea mambo ya hospitali chuoni. Nikasema vizuri, atajitibu njaa.

Sasa Were.

Kabla ya kila dawa lazima utoe damu asubuhi hiyo hiyo, wapime kama mwili una nguvu ya kupokea. Hakuna damu, hakuna dawa. Hiyo ndiyo sheria na ni sheria nzuri. Lakini dawa nyekundu inaharibu mishipa. Ya mkono wangu wa kulia ilikauka ikawa kama kamba ya kufungia mbuzi. Ya kushoto ikajificha.

Were alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye koti jeupe lenye mfuko uliojaa kalamu. Hakuwa anakuangalia usoni. Anaangalia mkono, anaupiga kofi mara mbili, anachoma. Akikosa hatoi sindano, anaitembeza humo ndani, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. "Mama, mishipa yako ni wezi," anasema. "Wamesikia askari wamekimbia." Watu kwenye foleni wanacheka. Mara ya kwanza hata mimi nilicheka.

Siku ya dawa ya tatu alipata damu baada ya kuchimba sana. Akaitia kwenye chupa ndogo, akaitumbukiza kwenye mfuko wa koti pamoja na kalamu, akasimama mlangoni kuzungumza mpira na mlinzi. Mimi nilimwona. Mwanamke niliyekaa naye, Mama Shiro, alimwona. Saa sita tukaitwa. "Mama, damu yako imeganda. Haipimiki. Rudi wiki ijayo." Nikamwambia iliganda mfukoni mwako. Akasema damu ya wengine haigandi, labda yangu ina shida yake.

Wiki iliyofuata akanichoma mara nne, akakosa mara nne. Mkono ulivimba ukawa rangi ya biringanya. Nikarudi nyumbani tena bila dawa.

Na uvimbe ukarudi. Niliuona asubuhi nikinawa uso. Si yai, ni punje tu, pale pale ulipoanzia. Daktari wetu, msichana mdogo mwenye miwani, aliugusa mara mbili. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, dawa hii ni kama kupalilia shamba," alisema. "Ukiruka, magugu yanarudi na hasira. Alhamisi ijayo lazima uipate. Usipoipata, hii tunaiacha na kuanza nyingine iliyo kali kuliko hii. Na moyo wako sidhani utaibeba."

Nikamuuliza maana yake nini. Akasema, "Maana yake nataka hiyo damu, Mama."

Nilitoka nikaapa kitu kimoja. Were hatanigusa tena.

Wakati huu nimtambulishe Mama Shiro vizuri, kwa sababu bila yeye hii hadithi ingekuwa fupi. Alikuwa Mkikuyu, anauza mabeseni na ndoo za plastiki mjini, ameishi Kisumu tangu akiwa msichana lakini Kijaluo chake kilikuwa cha bei tu. Ugonjwa wake ulikuwa wa titi. Alivaa wigi ambalo halikukaa sawa hata siku moja, na alibeba chupa ya chai kubwa kuliko mkoba wake. Alhamisi hiyo nilimkuta kwenye benchi. Nilikaa, nikasimama, nikaenda mpaka langoni, nikarudi, nikakaa, nikasimama.

"Mama Akoth," alisema, "wewe ni kama kuku anatafuta mahali pa kutaga. Utage basi tupumzike."

"Leo wakikosa, Mama Shiro, mimi ni wa kuzikwa."

"Hawatakosa."

"Umejuaje?"

"Sijui. Nimesema tu. Kunywa chai."

Chumba cha kutolea damu kilikuwa kidogo, kimegawanywa katikati na pazia la kijani. Upande wa ndani kuna kitanda, upande wa nje meza na vifaa. Nililala kitandani, nikavua kitambaa kwa sababu ya joto, kichwa kikabaki wazi kama kibuyu. Sista Nafula alijaribu mwenyewe. Ni mama wa Bungoma, ana mkono mwepesi, lakini siku hiyo mishipa haikumsikia hata yeye. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili matone mawili, ikakata. Sheria ya kliniki, ingawa Were hakuifuata, ni kwamba mtu akikosa mara mbili anampa sindano mtu mwingine. Akavuta pazia kunifunika, akatoka nje kufikiri.

Nikasikia sauti ya Were mlangoni. "Nani huyo amekataa kutoa? Ah, ni mama wa mapazia. Niachie, Sista, huyu ni wangu."

"Wewe hunigusi," nilisema nikiwa ndani.

"Basi rudi wiki ijayo, Mama. Damu si maziwa, haitachacha."

"Nimesema hunigusi, Were. Nenda ukaongee mpira."

Akaenda zake akicheka. Sista Nafula alirudi karibu na pazia. "Mama, wamebaki wanafunzi tu. Yuko mmoja amefunzwa kwa mkono wa plastiki, mtu hai hajamchoma bado. Nitasimama naye kiwiko kwa kiwiko. Unasemaje?"

Nikasema hata kama amefunzwa kwa ndizi, aje.

Nikasikia hatua. Chini ya pazia viatu vikatokea, vyeusi, vimepigwa rangi sana, kamba moja nyeusi na nyingine ya kahawia. Nikasikia karatasi yangu ikichukuliwa mezani. Halafu ikarudishwa.

"Sista," ilisema sauti ya kijana, "huyu siwezi."

"Unaogopa?"

"Hapana. Yaani ndiyo, naogopa. Lakini si hivyo." Akateremsha sauti, lakini pazia ni kitambaa. "Huyu ni mamake Akoth. Mimi ndiye nilimchukua Akoth. Kila Alhamisi nimekuwa nikibadilishana zamu na mwenzangu nisikutane naye, na leo mwenzangu hajafika."

Msomaji ambaye si wa huku, nikueleze kidogo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Akija njia hii, mimi napita ile. Hawezi kuniona bila kitambaa kichwani, mimi siwezi kula akiniangalia. Ni heshima kubwa, na mtu anayeidharau si yeye tu anayeumia, wajukuu ndio wanaoumia. Na huyu alikuwa hajafika hata nyumbani kwangu. Sasa anachukua sindano anitoe damu, mimi kichwa wazi, nimelala kitandani. Okelo angesikia hilo angechinja mbuzi kwa furaha.

Nilishuka kitandani. Nikapanda. Nikatafuta kitambaa nikakifunga kinyume. Nikashuka tena.

"Mungu nisaidie," nilisikia Sista Nafula akisema. "Kwetu mimi singekanyaga hata kivuli chake." Na yeye viatu vyake vikarudi nyuma. Basi tukabaki hivyo, watu watatu wazima, na hakuna anayesogea.

Mama Shiro akachungulia na chupa yake ya chai. "Kwani kuna nini? Mtu amekufa?"

Sista akamweleza. Mama Shiro akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Sasa ngoja nielewe," alisema. "Mtoto hawezi kuchoma mama mkwe. Mama hataki kuchomwa na Were. Na daktari anataka damu leo."

"Ndiyo."

"Na hii pazia mmeweka ya kazi gani?" Akashika pazia akalitikisa. "Mama abaki huko. Mkono utoke huku. Mkono hauna jina. Nyinyi Wajaluo mmewahi kusikia mkono umelipiwa mahari?"

Sista Nafula akacheka kwanza. Kisha akasema polepole, "Na glavu amevaa. Ngozi kwa ngozi haitakuwepo."

"Na mimi nitakaa hapa katikati kama mjumbe," alisema Mama Shiro. "Akitaka kusema kitu anaambia mimi."

Wakaningoja. Nataka mjue kwamba mimi si mtu wa kudharau mila. Nilikataa kurithiwa, lakini mengine yote nimeyashika, na pale nilimwogopea Akoth na watoto ambao hajazaa. Niliwaza nikifa baada ya mkono wa huyu kijana, watasema yeye ndiye aliyeniua, na atabeba hilo maisha yake yote. Kisha nikaweka kidole shingoni. Punje ilikuwa pale.

Lile pazia, mimi kama mtu wa kazi hiyo, singeliuza hata kwa kipofu. Lilikuwa limechanika usawa wa kiwiko. Nikapanda kitandani, nikageuzia uso ukutani, nikapitisha mkono wa kushoto kwenye ule mpasuko mpaka begani.

"Mkono huo," nilisema.

"Anasema mkono huo," alisema Mama Shiro.

Mpira ukafungwa. Kidole kikashuka, chepesi, kikaanza kutafuta. Kilikuwa kikitetemeka. Were hakuwahi kutetemeka hata siku moja. Pamba ya baridi, kisha sindano. Nikangoja ule utembezaji wa ndani, nikakaza meno. Haukuja. Sindano ilitoka vile ilivyoingia.

"Nimekosa," ilisema sauti. "Mwambie samahani."

"Anasema samahani."

"Nimesikia."

"Amesikia."

"Moja," alisema Sista Nafula. "Umebaki na moja, kijana. Na mimi sina mtu mwingine ila Were."

Nilijua kule nje wote wanaangalia mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa peke yake huko.

"Mama wa chai," ilisema ile sauti, "hiyo ni chai ama maji moto?"

"Ni maji. Chai natia mwenyewe."

Kijana alichukua glavu mpya, Mama Shiro alinieleza baadaye, akaijaza maji ya chupa ile yaliyochanganywa na ya bomba, akaifunga fundo kama puto, akailaza juu ya mkono wangu. Ilikuwa na joto la mtoto aliyelala. Akaingoja. Hakuna mtu aliyekuwa amengoja mkono wangu tangu ugonjwa uanze. Nilisikia watu wakigonga mlango, Sista akiwafukuza, na yeye bado anangoja. Miguu yangu, ambayo ilikuwa ikicheza juu ya kitanda tangu asubuhi, iliacha. Sikuwa nimetulia hivyo tangu Januari.

Akaiondoa ile glavu. Kidole kikarudi, hakikwenda pale wote wanapochoma, kikashuka kikapita kiwiko mpaka upande wa kidole gumba, kikakaa. Kikabonyeza, kikaachia. Hakikutetemeka tena.

Na hapo nadhani alisahau mjumbe, akasahau mila na kila kitu, kwa sababu sauti ilikuja moja kwa moja kupitia pazia.

"Mama, kunja ngumi. Usiachie."

Nikamsikia Mama Shiro akianza kunipitishia, akaacha. Nikakunja ngumi. Sindano ikaingia. Mimi sikuona kitu, nilikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa mbele ya macho yangu, lakini nilisikia Sista Nafula akivuta pumzi, na Mama Shiro akisema kwa lugha yake neno ambalo sijui maana yake mpaka leo.

"Achia sasa," ilisema sauti, na nikaachia.

Niliangalia chini ya pazia. Viatu vilikuwa vimesimama palepale. "Anageuza chupa," Mama Shiro alinitangazia kama mtu wa redio. "Anaigeuza polepole, juu, chini, juu, chini. Hajaweka mfukoni." Kisha viatu vikaondoka kwa haraka, halafu vikapunguza mwendo, kama vya mtu aliyebeba uji umejaa kikombe. Aliipeleka mwenyewe mpaka kwenye mashine.

Mchana majibu yalitoka. Damu ilikuwa nzima na ilitosha. Jioni nilikuwa nimefungiwa dawa nyekundu, inashuka tone kwa tone, inaunguza, nami nilifurahi inavyounguza.

Jumapili Kibuye nilifungua robota nikachagua pazia zito la kahawia, lenye kitambaa cha ndani, nikalipeleka kliniki. Liko pale mpaka sasa. Mama Shiro aliuliza mkono utapitia wapi kama halijachanika. Nikamwambia kando.

Siku moja kabla ya hapo, Jumamosi, Akoth alikuwa akinifulia. Nikamwambia, "Mwambie yule mtu wako alete wazee."

Shuka likamdondoka kwenye beseni. "Mtu gani, Mama?"

"Yule ambaye simjui."

Aliinama akaendelea kufua, lakini alifua kona moja ya shuka mpaka nikadhani itatoboka.

Dawa zilizobaki nilizipata zote. Nilipokuwa mgonjwa zaidi Okelo alikuja kupima shamba kwa macho, nikamwacha apime. Mama Shiro hakumaliza zake. Aliondoka mvua fupi ikiwa bado inanyesha, na benchi lile nililikalia upande wangu tu kwa muda, nikimwachia nafasi. Huyo ndiye ninayemshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilisema nitamfikia, nimemfikia.

Wewe unayeanza, usione haya kukataa mkono unaokuumiza. Uliza kama kuna mwingine. Mwanafunzi anayetetemeka si mbaya kuliko fundi anayecheka. Kunywa maji mengi asubuhi hiyo, upashe mkono moto, na mtu akitia damu yako mfukoni piga kelele hapo hapo, usingoje saa sita kama mimi.

Haya mengine Okelo hayajui mpaka leo anapoyasoma, kama anasoma. Aseme ni chira. Shingo yangu iko hapa, aje aiguse.

Wazee walikuja msimu wa joto uliofuata, nyumbani kule Kisian, kwa ile ziara ya kwanza ya kumwomba mama akubali. Nilikuwa na nywele fupi chini ya kitambaa, na uso wangu ulikuwa umerudi. Okelo alikaa kiti cha mbele kama kawaida yake. Mimi nilikaa kando karibu na mlango wa jikoni, nimejifunika leso, macho chini. Wageni waliingia mmoja mmoja, na nikaona viatu vya kijana wa mwisho. Vilikuwa vipya, kamba zote nyeusi.

Mjomba wake alisimama kuzungumza. Alisifu boma, akasifu mvua. Kisha akasema, "Kijana wetu ndiye huyu. Tunajua mama mwenye nyumba hajamfahamu, na hilo ni kosa letu."

Okelo akanigeukia. "Mama Akoth, huyu kijana umewahi kumwona?"

Huko jikoni vikombe vikanyamaza.

"Sijawahi kumwona," nilisema, na ulikuwa ukweli mtupu.

Okelo akatikisa kichwa, ameridhika. Wakamwambia kijana awasalimu wazee. Akasimama, akakohoa, akaanza kusema, na ndani ya leso mkono wangu wa kushoto ukakunja ngumi wenyewe, kabla sijauambia.